Furaha Iliyofungwa Kamba

Elifuraha amefariki, na mimi ndiye niliyepigiwa simu nisahihishe wasifu wake. Binti yake mkubwa alinipigia Jumanne asubuhi nikiwa nachambua maharage mlangoni. "Shikamoo, Mwalimu Shangwe," akasema, "samahani kwa usumbufu. Baba ametutoka, tunazika Ijumaa, na mama amesema hakuna mtu wa kututazamia hii karatasi zaidi yako." Nikaitikia marahaba, nikampa pole, nikamwambia aitume kwenye simu. Ilipofika nikavaa miwani, nikaisoma palepale kwenye kigoda. Alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akafanya kazi ya uchapaji miaka mingi, akawa mzee wa kanisa. Nilikuwa nasoma vizuri tu, nikirekebisha herufi kubwa na ndogo kama ninavyofanya daftari za wajukuu, mpaka nikafika hapa: "Alifunga ndoa takatifu na mama yetu mpendwa Eliamani katika harusi iliyojaa shangwe na nderemo." Hapo nikaiweka simu kwenye ungo, juu ya maharage, nikaingia ndani kunywa maji. Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Mimi naona utaratibu huo uliwekwa na marehemu wenyewe wakiwa bado hai.

Nitausema mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka kumi na tisa na watu wakiniita bado Nasieku. Habari za ukoo wangu na nani alimzaa nani haziwahusu wasomaji, na waliohusika nao wanazijua. Nilishuka mjini Arusha kutoka Oldonyo Sambu nikiwa na sanduku la bati na Kiswahili cha darasani, maana nyumbani tulisema Kiarusha, na Kiswahili tulikutana nacho shuleni na kanisani basi. Kwenye mitihani nilikipata sana. Ndiyo maana Mzee Zakaria, Mmeru mmoja mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, alinichukua niwe mpanga herufi. Siku hizo hakukuwa na kompyuta. Kila herufi ilikuwa kipande cha risasi, na herufi zote zilikaa kwenye trei za mbao zenye vyumba vidogo vidogo, a nyingi kuliko zote kwa sababu Kiswahili kinakula a kama mchwa. Ulisimama kutwa nzima, unaokota moja moja, unaipanga kwenye kibao cha chuma kichwa chini, na maneno yanasomeka kinyume kama kwenye kioo. Baada ya miezi miwili nilikuwa nasoma kinyume haraka kuliko watu wanavyosoma gazeti. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama mlimani, na harufu ya wino na mafuta ya taa ambayo hata ukioga mara tatu unalala nayo.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kadi. Kadi za ndoa, za kipaimara, za kumuaga binti, na ratiba za mazishi. Ukishapanga kadi ishirini za ndoa unagundua kwamba watu wote wana furaha ya aina moja. "Familia ya Bwana na Bibi Fulani inayo furaha kubwa kukukaribisha," kisha nukta nyingi za kuandikia jina la mgeni. Kwa hiyo maneno hayo matatu, inayo furaha kubwa, hatukuyapanga upya kila mara. Yalikuwa yamepangwa siku nyingi, yamefungwa kamba yasisambaratike, yamewekwa kwenye rafu pembeni. Familia ikija, unaichukua furaha rafuni, unaiweka katikati ya majina yao, kadi zikishatoka unairudisha. Niliona jambo hilo linachekesha sana wakati ule. Nilikuwa bado msichana wa kucheka.

Nilipanga chumba Ngarenaro kwa mama mmoja wa Pangani, Mama Mwanaidi, ambaye mumewe alimleta bara na kumfia huku. Mama huyu alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, na nazi zake zililetwa na mpwa wake aliyefanya kazi kwenye basi la Tanga. Alikuwa akikisikia Kiswahili changu anakunja uso kama aliyeuma limau. Jumamosi moja nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wanaoza, vigelegele vinavuka ukuta, nami nikasema, ili tu niseme jambo, "Pale kuna furaha leo." Mama Mwanaidi hakuacha kukuna. "Pale hakuna furaha, mwanangu. Pale kuna shangwe." Nikamwambia shuleni tulifundishwa shangwe ni furaha kubwa. "Mwalimu wako alikuwa na haraka," akasema. "Furaha ni ya moyoni, unaweza kuwa nayo umejifungia chumbani na taa umezima. Bashasha ni ya usoni, hata mnafiki anayo. Shangwe huwezi kuipata peke yako. Lazima wawepo watu wa kufurahi kwa ajili yako, na wafurahi kwa sauti, jirani asikie akereke." Nikamuuliza, na mtu asiye na watu? Akakung'uta kifuu kwenye sinia. "Huyo ana furaha tu, akibahatika. Shangwe ataisikia kwa jirani, kama mimi na wewe sasa hivi." Tukala wali wa nazi na maharage, kelele za harusi zikiendelea, na mimi nikilirudia lile neno kimoyomoyo kama mtoto aliyepewa pipi na hataki kuimumunya ikaisha.

Siku hizi neno hilo limechakaa. Nenda sherehe yoyote hapa mjini, mshereheshaji anadai shangwe keki ikiingia, anadai shangwe soda zikifunguliwa, na watu wanampa bila kujua wanampa nini. Mimi nikilisikia nageuza uso. Wajukuu zangu wanadhani ni kelele za spika zinanisumbua.

Elifuraha alikuwa fundi mashine. Yeye ndiye aliyeingiza karatasi na kukanyaga kile chuma cha mguu, na mashine ile ya zamani haikumkubali mtu mwingine. Mzee Zakaria mwenyewe akiigusa inakwama. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mikono ina wino hadi kwenye viwiko, Mmeru wa upande wa Nkoaranga, kwao kahawa na migomba. Saa saba tulikaa juu ya marobota ya karatasi tukala. Jumatatu nilikuja na loshoro ya nyumbani kwenye kopo, mahindi na maziwa ya mgando, naye alileta ndizi alizochemshiwa na dada yake, tukabadilishana. Alinitania kwamba sisi Waarusha tungeweza kuweka maziwa ya mgando hata kwenye chai. Nikamwambia nyinyi Wameru mkikosa ndizi siku mbili mnaitisha kikao cha ukoo. Mambo ya namna hiyo. Sikuona yanaelekea wapi mpaka siku moja aliponisaidia kurudisha herufi kwenye vyumba vyake, kazi ambayo fundi mashine hafanyi, akaniuliza bila kunitazama, "Sisi kadi yetu tutaandika nini?"

Moyo ulikuwa unapiga kuliko ile mashine. Kisha nikajifanya sijali, nikamwambia, "Si kuna furaha pale rafuni, imeshafungwa kamba." Akacheka. "Hapana bwana. Furaha nimebebeshwa tangu nabatizwa. Nataka nyingine." Nikampa lile neno. Nilimpa kama nilivyopewa, na maelezo yake yote, furaha ya chumbani, bashasha ya mnafiki, na shangwe ya watu. Alilisema mara tatu nne akilipima mdomoni. Tukalipanga kwenye kibao wakati wa chakula, Mzee Zakaria akiwa amekwenda kusali, "Kwa shangwe kuu", akalipiga chapa kwenye kipande cha karatasi ya ufungaji. Tukalitazama. Halafu nikazirudisha herufi zote mahali pake, kwa sababu mchana kulikuwa na ratiba ya mazishi na tulikuwa na upungufu wa g. Akaniahidi mahindi yakishavunwa atakwenda na wazee wake Oldonyo Sambu kuonana na watu wangu. Nikaenda Ngarenaro siku ile nikamsaidia Mama Mwanaidi kufua hata nguo ambazo hazikuwa chafu.

Mahindi yakavunwa. Elifuraha akaanza kwenda kwao kila Jumamosi, akasema ni kahawa, mwaka ule imezaa sana. Akaacha kula loshoro, akasema tumbo linamsumbua. Mimi nikaamini kahawa na nikaamini tumbo. Nikamletea hata dawa ya mizizi kutoka nyumbani, nimebeba kwenye chupa kwa uangalifu isimwagike. Nikikumbuka ile chupa nasikia aibu mpaka leo, kuliko mambo mengine yote niliyofanya mwaka ule. Mwenye kupenda hana macho, wanasema, lakini mimi macho nilikuwa nayo. Nilikuwa nasoma kinyume.

Jumatatu moja asubuhi nikakuta karatasi kwenye trei yangu, kama zinavyowekwa karatasi za wateja. Mwandiko wake niliujua kuliko wangu. Iliandikwa hivi: "Kwa shangwe kuu, familia ya Bwana na Bibi," likafuata jina la baba yake, "inakukaribisha kwenye ndoa ya kijana wao Elifuraha," likafuata jina la Eliamani binti Yeremia. Nikaisoma mara mbili, ya pili kwa kidole. Elifuraha akaingia na kopo la wino, akaliweka chini, akaanza kuifuta mashine ambayo ilikuwa safi.

"Hii ni ya nani?" nikamuuliza.

"Si umeshaisoma."

"Na neno hili?"

Akafuta, akafuta. "Neno ni neno, Nasieku. Halina mwenyewe." Kisha akasema mambo yametokea tu, hakuyapanga. Nikamwambia mambo hayatokei yenyewe, hata herufi haziokotwi na upepo. Wanawake wengi wameniambia wangemmwagia ule wino. Mimi nilivuta kiti cha mbao nikapanga ile kadi. Nataka ieleweke hivyo: niliipanga, na sijawahi kupanga kadi nzuri kuliko ile. Ile furaha ya rafuni niliiacha na kamba yake, nikaokota herufi saba za shangwe moja moja, nikahakikisha n haijageuka ikawa u. Nilikuwa na kiburi. Nilitaka mtu yeyote akiishika ile kadi asione hata doa la machozi ya mtu. Mzee Zakaria alikuwa kwenye mkutano wa kanisa wa siku tatu, kwa hiyo prufu, ile nakala ya kwanza ya kusahihishia, aliisoma Elifuraha mwenyewe na kuandika "sawa" pembeni kwa penseli. Karatasi yake na ile prufu nikazitundika kwenye msumari wa ukutani pamoja na karatasi za wateja wengine. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu.

Kadi zikasambazwa. Wiki haikuisha, baba yake Eliamani akaja kiwandani na wazee wawili, wamevaa makoti mazito na jua linawaka. Tukawaamkia shikamooni, wakaitikia, wakakataa viti. Mzee Yeremia akaitoa kadi mfukoni, imekunjwa katikati, akaiweka mezani mbele ya Mzee Zakaria.

"Soma, mwenzangu."

Mzee Zakaria akasoma yote kwa sauti. "Ni kadi nzuri," akasema.

"Neno la pili umesema ni nini?"

"Shangwe."

"Shangwe hupigwa na nani?"

Mzee Zakaria akababaika. "Si mtu mwenye furaha?"

"Hapana," akasema Mzee Yeremia, taratibu kabisa, kama anayefundisha watoto wa kipaimara. "Mwenye furaha anashukuru. Shangwe hupigwa na aliyeshinda. Mpira ukiisha, anayepiga shangwe ni nani, ni aliyefungwa? Sasa huyu kijana wako ameingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi, na binti yangu hali yake mnaijua, na kama hamuijui mtaiona si muda mrefu. Nikanyamaza. Nikasema waoane, mtoto azaliwe kwao. Leo baba yake anapiga shangwe. Anaipiga chapa, anaisambaza mpaka kwa mchungaji. Wamemshinda nani? Mimi?"

Ndipo nikajua habari ya mimba, kwa njia hiyo, nimesimama na kibao mkononi. Na lazima niseme ukweli, mzee yule hakuwa mjinga. Mama Mwanaidi alijua shangwe ya kwao Pangani, na huyu alijua shangwe yake ya mlimani, ya mtu anayeisikia akiwa upande wa walioshindwa. Nimefundisha Kiswahili miaka zaidi ya thelathini na sijapata maana iliyonikaa kama hiyo. Mzee Yeremia akaendelea: kama neno wamelitaka watu wa bwana harusi, harusi hakuna, binti atazaa nyumbani na vikao vitaanza upya. Kama ni kosa la kiwanda, zichapwe kadi nyingine zenye furaha kama za watu wote, na aliyekosea amwombe radhi pale pale.

Mzee Zakaria akamgeukia Elifuraha. Elifuraha alikuwa anafuta mikono na kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mimi niliandika furaha, baba," akasema. "Kama kadi zote."

Nilimtazama usoni. Hakunitazama. Nikaenda ukutani, nikaitoa karatasi yake msumarini, na prufu yake yenye "sawa" ya penseli, nikampa Mzee Zakaria mkononi. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nililelewa nikiamini kwamba maandishi yakishakuwepo, maneno ya mdomo yanakaa kimya. Mzee Zakaria akazisoma zote mbili. Aliujua mwandiko ule, alikuwa ameuona miaka minne. Akazikunja mara moja, akazikunja tena, akazitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. "Ni kosa la mpanga herufi," akawaambia wale wazee. Kisha akasema nao maneno mengine kwa Kimeru, nikasikia jina langu katikati, na mmoja wao akatikisa kichwa akinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama msichana aliyeachwa.

Akanivuta stoo, kwenye marobota yetu yale yale ya kulia chakula. "Nasieku, umeona mwenyewe," akasema. "Nikiwaambia ukweli hawa, yule binti ameharibikiwa."

"Na mimi, baba?"

"Wewe huna mimba."

Nikasubiri aseme lingine, nikidhani hilo limemponyoka. Hakulirudisha. Akasema kwa upole, maana alikuwa mtu mpole, kwamba herufi mtu yeyote mwenye darasa la saba anaweza kuzipanga, lakini ile mashine anaijua Elifuraha peke yake, na kwamba mimi bado kijana, nitapata pengine. Akaniomba nimalizie kadi mpya kisha nipumzike. Alitumia neno hilo, nipumzike. Nimefika umri wa kustaafu na nimepumzika kweli sasa, na nawaambia si kitu kimoja.

Tukatoka. Hapa ndipo watu wangu huniuliza kwa nini nilikubali. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, wazee wanne wamesimama, na nyumbani kwetu mzee akisema kitu hukisahihishi mbele za wageni. Nikainamisha kichwa nikasema, "Nisamehe, baba. Nilikosea." Nililisema kwa mdomo wangu, na hilo ndilo linalonikata maini zaidi ya uongo wa Elifuraha, kwa sababu tangu hapo hata nikisema kweli nilikuwa nimeshajikanusha. Mzee Yeremia akaniwekea mkono kichwani. "Nimekusamehe, binti yangu," akasema. "Lakini ukimpenda mtu asiyekupenda, usimharibie." Elifuraha alikuwa hatua tatu kutoka pale. Mashine ilikuwa imesimama, alisikia kila neno.

Mchana ule nikaishusha furaha rafuni, nikaiweka kati ya majina yao, nikakaza. Jumamosi nikafunga sanduku langu. Mama Mwanaidi hakunipa pole nyingi. Alinifungia wali kwenye jani la mgomba, akasema, "Wamekutoa kafara, mwanangu. Nenda kwenu ukapumue." Akaongeza kwamba angeniambia nilikatae lile neno moyoni, lakini lilikuwa zuri na halikufanya kosa lolote. Nilikwenda kwetu nikalima vitunguu na viazi, nikawa navipeleka sokoni Ngaramtoni. Habari zilikuwa zimetangulia. Wiki ya kwanza tu mwanamke mmoja akaniuliza, "Ni wewe yule Shangwe?" na wenzake wakaangua kicheko. Jina likanikaa. Shangwe, vitunguu vyako vikavu? Shangwe, nani anaoa wiki hii? Nilipopata nafasi ya kufundisha, kwanza watu wazima jioni, baadaye watoto, jina likanifuata darasani, nikawa Mwalimu Shangwe. Watoto walidhani ni sifa. Walidhani naitwa hivyo kwa sababu ni mchangamfu, na mimi si mchangamfu hata kidogo, muulizeni yeyote niliyemfundisha. Wazazi wao walijua. Niliolewa, nikazaa, nikamzika mume wangu, na siku ya harusi yangu kadi ziliandikwa furaha. Mume wangu alitaka kuniuliza kitu kuhusu kadi, akaniona uso, akaacha.

Ijumaa nikaenda mazishini. Wasifu nilikuwa nimeurudisha umesahihishwa, na ule mstari niliuacha ulivyo, kwa sababu kisarufi haukuwa na kosa. Walikuwepo watu wengi, kwaya mbili, maturubai hadi kwenye migomba. Tulipotoka kaburini nikaingia kumpa pole mjane. Eliamani alikuwa ameketi kwenye godoro chini, kanga mbili, wanawake kama kumi wamemzunguka. Amekuwa mnene, macho mazuri bado. Akanishika mkono asiuachie. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "nashukuru umekuja. Nataka niseme mbele ya hawa, lile jambo la kadi tulishakusamehe zamani, mimi na marehemu. Hatukuwahi kuwa na kinyongo na wewe." Wanawake wakasema amina. Mmoja akanipapasa mgongo. Mimi nikakaa chini. Nikaletewa chai, nikaishika.

Watu walipoitwa chakula nje, wanawake wakatoka kwa zamu, mmoja akaenda kumtafutia mjane uji. Tukabaki wawili. Sijui nilikuwa nimelipanga au halikupangwa. Nikasema, "Eliamani, neno lile aliliandika marehemu. Kwa mkono wake."

"Najua," akasema.

Nje kwaya ilikuwa imeanza tena. Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu kabla mtoto wa kwanza hajazaliwa. Aliniambia mwenyewe. Alilia sana siku hiyo." Akavuta kanga begani. "Alisema neno lenyewe alifundishwa na wewe."

Nilihesabu kichwani umri wa yule binti aliyenipigia simu. Ana wajukuu. Nikamuuliza kwa nini basi amenisamehe mbele za watu, dakika chache zilizopita, kosa ambalo anajua si langu. Hakukasirika. Alinijibu kama unavyomweleza mtu njia ya kwenda dukani. "Watu wameshazoea hivyo, dada. Baba yangu alikufa akiamini hivyo. Watoto wote wa marehemu wako pale nje, mchungaji yuko pale. Ningesema nini?"

"Sema hilo ulilonijibu sasa hivi. Waite, mimi nipo. Dakika moja tu inatosha."

Nadhani alifikiria kweli, nampa haki yake. Kisha akatikisa kichwa taratibu, akanipapasa mkono niliokuwa nimeshikia kikombe. "Si leo, dada. Leo ni siku yake."

Nikamwambia ile siku ya kadi nayo ilikuwa siku yake.